Mbwa Wako, Wajibu Wako: Malezi na Mafunzo ya Mbwa wa Nyumbani Mpakani

Usiku unapotanda juu ya vijiji vyetu vya mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na kupanda mpaka Lwakhakha, sauti isikikayo mbali kuliko zote ni ya mbwa. Mmoja hubweka ng'ambo hii ya mto, mwingine humjibu kutoka ng'ambo ile, na mwenye nyumba aliyeko kitandani hutega sikio apate kujua kama apitaye ni mpita njia au ni mwenye nia mbaya. Mahali ambapo njia za panya ni nyingi na taa ni chache, mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara, na hatushangai kwamba nyumba nyingi humfuga.

Hata hivyo, mbwa huyo huyo hufika vituoni mwetu kwa sura nyingine. Hufika kama jeraha kwenye mguu wa mtoto aliyetumwa dukani. Hufika kama bodaboda iliyoanguka jioni kwa sababu mnyama alilirukia gurudumu. Hufika kama kuku na mbuzi wa jirani waliouawa usiku, au kama mzoga wa mbwa aliyelishwa sumu na mtu aliyechoka kulalamika. Aghalabu wenye kesi husimama kaunta wakiwa wamekwisha kutukanana, huyu akimlaumu mbwa na yule akimtetea, ilhali jambo lenyewe halikuanzia kwa mbwa.

Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mnyama huyu hufuata tabia ya nyumba iliyomlea. Akilelewa kwa njaa na kipigo, atakuwa mwizi na mwoga, na mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kuuma. Akilelewa kwa utaratibu, atakuwa mtulivu, naye atabweka panapostahili. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa namna ya kumtunza na kumfunza mbwa wa nyumbani, kwa kuwa kesi nyingi za mbwa zingaliweza kuzuiwa na mwenyewe miezi mingi kabla ya siku ya kuumwa mtu.

Kabla ya kumleta nyumbani

Mbwa anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Kabla ya kumchukua, kaya yote na ijiulize maswali matatu. Nani atamlisha kila siku, hata siku ambayo mwenye nyumba amevuka mpaka kwa biashara? Atalala wapi, na je, ua una uzio? Nani atalipia chanjo na dawa? Kama maswali hayo hayana majibu, ni heri kungoja. Mbwa mmoja aliyetunzwa hulinda boma kuliko wanne wenye njaa, maana wanne hao hawatakaa bomani, bali watakwenda kutafuta riziki kwenye majalala na vichinjioni.

Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma 8. Twawaona watoto wa mbwa wakibebwa ndani ya maboksi wakiwa hata macho hayajazoea mwanga, na wanunuzi huwapenda kwa udogo wao. Ni kosa. Katika majuma hayo ya mwanzo mtoto wa mbwa hucheza na ndugu zake, na anapouma kwa nguvu wao hulia na kuuacha mchezo. Hivyo hujifunza kuyazuia meno yake. Aliyeondolewa mapema huikosa elimu hiyo, na watakaokuja kumfunza ni watoto wa nyumba, kwa gharama ya ngozi zao.

Tangu juma la 3 hadi kama juma la 14 ndicho kipindi ambacho mbwa huamua moyoni mwake kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Akikutana kwa amani na wazee wenye bakora, wanawake wenye mizigo kichwani, watoto wa shule, baiskeli, pikipiki na mbuzi, atavizoea vitu hivyo maisha yake yote. Akifungiwa nyuma ya jikoni hadi awe mkubwa, kila kigeni atakiona adui. Samaki mkunje angali mbichi.

Jambo jingine la kufikiriwa mapema ni uzazi. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto wengi kwa mara moja. Wale wasiopata wenyewe hutupwa sokoni au kando ya barabara, na hao ndio mbwa koko wa kesho. Kuhasi mbwa dume na kumfunga kizazi jike ni kazi ya daktari wa mifugo, na haimpunguzii mbwa uwezo wa kulinda. Kinyume chake, humpunguzia hamu ya kuzurura na kupigana.

Chakula, maji na malazi

Mbwa si shimo la kutupia makombo. Ugali, au posho kama wengi wetu tuuitavyo huku, humshibisha lakini peke yake haumjengi mwili. Uchanganywe na dagaa, mabaki ya nyama au samaki asiye na miiba mikali, au yai lililopikwa. Mkubwa alishwe mara mbili kwa siku, na mdogo aliyeachishwa kunyonya mara tatu au nne. Saa zisibadilike-badilike. Mbwa ajuaye kwamba chakula chake huja jioni saa fulani hana sababu ya kuranda kwa jirani.

Yako mambo ya kuepukwa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha na kuweza kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti humdhuru. Maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye malengelenge ya maji, yasitupwe kwa mbwa hata kidogo. Malengelenge hayo hubeba mbegu za mnyoo tegu ambao hukua ndani ya utumbo wa mbwa, na mayai yake yakimfikia binadamu kupitia kinyesi, huweza kumjengea uvimbe katika ini au mapafu. Anayemtupia mbwa mapafu ya mbuzi hudhani anamfanyia wema, kumbe anairudisha hatari nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo hiyo, kinyesi cha mbwa kizolewe na kufukiwa, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Maji safi yawepo mchana na usiku. Banda liinuliwe kidogo kutoka ardhini, liezekwe lisivuje, na mlango wake usielekee upepo. Mwili ukaguliwe kila juma: masikio, kwapa na katikati ya vidole ndiko kupe hupenda kujificha, na kupe huleta homa kali ziwezazo kumuua mbwa kwa siku chache. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia. Ofisa mifugo aulizwe kwanza dawa gani na kipimo gani kinamfaa mbwa.

Chanjo: jambo lisilo na mjadala

Tukiambiwa tuchague neno moja tu la kusema katika makala haya, tungesema chanjo. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha au mkwaruzo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na idadi iliyo kubwa mno kati yao ni ya Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Dalili zikisha kuonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Tunayaandika maneno haya bila kuyapamba kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu kinga yake ipo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga sindano mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa huko Ufaransa, na mvulana yule akapona, dunia imekuwa na njia ya kumwokoa aliyeumwa kabla ugonjwa haujamshika. Kumchanja mbwa ni rahisi na nafuu zaidi kuliko kumtibu mtu.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa afikapo miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayopewa na daktari wa mifugo. Huku kwetu aghalabu ni kila mwaka. Dawa ya minyoo huanza akiwa mchanga wa majuma machache, na akiisha kukua hupewa kila miezi 3. Zipo pia chanjo za magonjwa mengine yauayo watoto wa mbwa, kama ule wa kuhara damu uitwao pavo. Cheti cha chanjo kihifadhiwe pamoja na hati nyingine muhimu za nyumba. Siku mbwa wako atakapomkwaruza mtu, karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza na daktari, na sisi pia.

Wataalamu husema kwamba, ili mlolongo wa maambukizi ukatike, mbwa wasiopungua 7 katika kila 10 wa eneo wawe wamechanjwa. Kwa hiyo haitoshi mwenye bidii mmoja kumchanja wake, ikiwa mbwa wa kijiji kizima wanazurura bila kinga. Timu ya chanjo inapotangazwa na mwenyekiti wa kijiji, msikitini, kanisani au redioni, kila mwenye mbwa amlete, akiwa amefungwa kamba, akiongozwa na mtu mzima.

Mafunzo: fimbo na iwekwe chini

Wengi huamini kwamba mbwa hufunzwa kwa kupigwa. Sivyo. Mbwa huyaunganisha mambo yaliyotokea kwa wakati mmoja. Ukimpiga saa nzima baada ya kula mayai ya kuku, hajui kwamba anaadhibiwa kwa ajili ya mayai. Ajualo ni kwamba umekuja, naye ameumia. Tena maumivu hayo huweza kuyahusisha na yeyote aliye karibu, hata mtoto wako mdogo. Kinyume chake, ukimtuza papo hapo, kabla hata sekunde mbili hazijapita, kwa kipande kidogo cha chakula na sauti ya upole, atalirudia tendo lililomletea heri hiyo.

Hata mbwa wa polisi hufunzwa hivyo. Kabla ya kufuata harufu ya mhalifu, yeye hufunzwa kwanza kumsikiliza anayemwongoza, na thawabu yake mara nyingi ni mpira wa kuchezea. Mbwa asiyejua kuacha anapoambiwa hafai kazi yetu, na kwa hakika hafai katika ua wenye watoto.

Kanuni ya kwanza ni neno moja kwa tendo moja. Nyumba zetu za mpakani zina lugha nyingi. Baba humwita mbwa kwa kusema njoo, mama husema jangu, na watoto huja na neno la shuleni. Mnyama hubaki ameduwaa, kisha huitwa mkaidi. Kaya ikae, ikubaliane maneno matano yatakayotumiwa na wote, yawe ya lugha yoyote: la kuja, la kukaa, la kusubiri, la kuacha na la kwenda bandani.

Kanuni ya pili ni muda mfupi. Dakika 5 hadi 10 zatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula wakati tumbo lingali linakumbuka. Na kanuni ya tatu ni kuanzia mahali palipo tulivu, ndani ya ua, kisha kuendelea hadi penye kelele.

Kumfunza kukaa, shika kipande cha chakula mbele ya pua yake, sema neno lenu mara moja, kisha kisogeze polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Anapokifuata kwa macho, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe. Kumfunza kuja, mwite kwa furaha ukiwa umechutama, umtuze kila afikapo. Na kamwe usimwite ili umwadhibu, kwani siku ile utakayomwita ili kumwokoa na lori hatakuja. Kumfunza kusubiri, mwamuru akae, rudi nyuma hatua moja, mrudie umtuze. Kesho hatua mbili, kesho kutwa tano.

Kumfunza kuacha ndilo somo litakalookoa maisha. Fumba chakula ndani ya ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza, nyamaza. Mara atakaporudisha kichwa nyuma, sema neno lenu, kisha mtuze kwa kipande kilicho katika mkono mwingine. Baadaye weka chakula chini na ukilinde kwa mguu. Mwishowe mwombe rafiki asiyejulikana na mbwa amtupie kipande, huku wewe ukimtuza kwa kukiacha. Wezi wa mipaka hii hutumia nyama yenye sumu kabla ya kuvunja mlango. Mbwa aliyezoezwa kula katika sahani yake tu na kutookota cha mgeni huwa amekinga maisha yake na mali yako pamoja.

Mlinzi si mbwa anayeuma kila mtu

Twaulizwa mara nyingi: je, mbwa mpole atalinda? Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kutoa habari. Akibweka, wewe unaamka, unawasha taa, unapiga simu polisi au unamwita jirani. Hiyo ndiyo nguvu yake. Mbwa anayemrukia kila apitaye hana habari ya kutoa, kwa sababu kelele yake huwa ile ile kwa mwizi na kwa shangazi aliyeleta ndizi. Baada ya muda hata mwenye nyumba huacha kuamka.

Anapobweka usiku, toka au chungulia, mshukuru kwa sauti ya chini, kisha mpe neno la kuacha. Ukifanya hivyo kila mara, atajifunza kwamba kazi yake imepokewa, naye atanyamaza.

Mnyororo mfupi, mchana kutwa juani, haumfanyi mbwa kuwa hodari bali humjaza hasira. Palipo na uwezo, uzio wa miti au senyenge ni bora. Pasipo na uzio, nyosha waya mrefu kati ya miti miwili na uutie pete, kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete hiyo, ili aweze kutembea huku na huko. Ukanda wa shingo usibane. Vidole viwili vipite chini yake. Na usiku afunguliwe ndani ya uzio tu, wala si kijijini. Mwendesha bodaboda anayetafuta riziki saa za jioni, na jirani Mwislamu anayekwenda kuswali alfajiri akijihadhari na mate ya mbwa yasimguse nguo, wana haki ya kupita njiani bila hofu. Kumzuia mbwa wako ni kuheshimu watu hao.

Watoto na mbwa

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mbwa wa nyumbani mwenye upole wa miaka mingi. Watoto wafundishwe kutomsumbua anapokula, anapolala, au anaponyonyesha. Kutomvuta mkia na masikio. Na kutomkumbatia mbwa wa watu. Wafundishwe pia kuisoma lugha yake. Mkia uliobanwa katikati ya miguu, masikio yaliyolazwa, mwili uliokakamaa na mlio wa koo ni onyo. Mbwa apigwaye kwa sababu ya kunguruma hujifunza kuuma bila kunguruma.

Mtoto akikutana na mbwa mgeni njiani, asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima kama mti, mikono ubavuni, asimkazie macho, mpaka mnyama aende zake. Kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje, akinge shingo na masikio kwa mikono. Walimu wa shule zetu za mpakani twawaomba walifanye zoezi hili uwanjani. Huchukua dakika chache na mtoto halisahau.

Mtu akiumwa

Hapa dakika ni mali. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15. Kazi hiyo ndogo huondoa virusi vingi kabla havijaingia ndani. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majani wala kinyesi cha ng'ombe, na usiweke jiwe jeusi, kwa maana halinyonyi ugonjwa huu. Kisha mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo, na hata kama mbwa ni wa shemeji.

Sindano atakazoandikiwa azimalize zote kwa tarehe zake. Ugonjwa huu kwa kawaida hujificha miezi 2 hadi 3, na waweza kujificha juma 1 au hata mwaka. Kidonda kikipona watu hudhani hatari imepita. Hapo ndipo familia nyingi huangamia: mtoto ameficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, au mzazi ameona nauli ni kubwa, au pande mbili zimepatana kwa kuku mmoja na suala la hospitali likasahauliwa. Maelewano ya jirani ni mema, nasi twayaunga mkono. Lakini yaanze baada ya sindano ya kwanza.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa haraka wala kutupwa mtoni. Ikiwa anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na mwenyewe, na ofisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akiwa mzima mwisho wa siku hizo, daktari atajua kwamba mate yake hayakuwa na kichaa siku aliyouma. Akiwa amekufa au ameuawa, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu wala usifukiwe kabla ya kumjulisha ofisa mifugo, kwani kichwa chake huweza kuhitajika kwa uchunguzi. Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au wa porini aliyegeuka mzoefu wa watu, anayetokwa mate mengi, aliyelegea taya, anayeuma mawe na vijiti na kuyumba, asikaribiwe na mtu yeyote. Jitengeni naye, waondoeni watoto, na mpige simu polisi namba 999.

Mpaka, majirani na sheria

Virusi havijui upande wa mto. Mbwa anayefuata wafanyabiashara katika njia za panya alfajiri anaweza kuwa amekula Uganda na kulala Kenya. Ndiyo maana chanjo ya upande mmoja hufaidi pande zote mbili, na uzembe wa upande mmoja huzigharimu zote. Lengo la dunia ni kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na Kenya iliandaa mkakati wake kwa ajili hiyo mwaka 2014. Malengo hayo hayatatimizwa makao makuu peke yake bila vijiji kama vyetu.

Anayetaka kumvusha mbwa, awe wa kununua au wa kurithi kwa ndugu, apite mpaka halali akiwa na cheti cha chanjo na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na aulize mapema vibali vinavyotakiwa na nchi anayoingia. Mtoto wa mbwa aliyefichwa chini ya gunia huweza kuuingiza msiba katika kijiji kizima.

Kanuni za adhabu za Uganda na za Kenya huhesabu kuwa ni kosa mtu kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari itokanayo na mnyama aliye mikononi mwake. Nchi zote mbili zina pia sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, inayowapa maofisa husika mamlaka ya kuagiza mbwa wafungwe au wachanjwe ugonjwa unapotokea. Aliyeumwa ana haki ya kushitaki na kudai fidia. Hali kadhalika, aliyekerwa na mbwa wa jirani hana ruhusa ya kutega sumu. Nyama iliyotupwa njiani haichagui. Huuawa na paka, na kuku, na pengine mtoto. Kamjulishe mwenyekiti wa kijiji kwanza, kisha njoo kituoni, ukiwa na tarehe na mashahidi. Nasi tutamwita mwenye mbwa, na swali letu la kwanza kwake litakuwa lile lile: cheti cha chanjo kiko wapi?

Ndugu wasomaji, tumeandika mengi, lakini kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mwenye mbwa na atazame cheti chake. Kama tarehe imepita, au cheti hakikuwahi kuwapo, amwone ofisa mifugo wa eneo lake. Jioni ile ile, kabla ya kuweka sahani chini, amfunze mbwa wake kukaa na kusubiri. Maofisa wetu wa mahusiano ya jamii wako tayari kuja katika mikutano ya vijiji na mashuleni kueleza zaidi, na huduma hiyo haina malipo. Twapenda kukutana nanyi huko, chini ya mwembe, kuliko kukutana kaunta mtoto akiwa amefungwa kitambaa mguuni.